Mgeni Mwenye Nyama: Hadithi ya Mbega na Huduma ya Upatanisho

Watumishi wa Neno walioko Handeni na Korogwe hawahitaji kuelezwa maana ya ugomvi wa mkulima na mfugaji. Ng'ombe huingia shambani, mahindi huliwa, mapanga hutoka. Tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kuhamishia Msomera, wilayani Handeni, kaya za wafugaji kutoka Ngorongoro, swali la mwenyeji na mgeni limezidi kuwa zito. Jibu letu la kwanza mara nyingi huwa kwaya na igizo: twaimba amani, twaonyesha watu wakipeana mikono, twafunga kwa sala. Je, sanaa ya namna hii yapatanisha?

Tunapenda kulipima swali hili kwa kitabu cha nchi hii hii. Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi na kuchapwa kwanza na wamisionari wa Magila, chamsimulia Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka milima ya Nguu, pande za Kilindi, wilaya iliyokuwa sehemu ya Handeni hadi mwaka 2002. Nduguze walimkataa kwa kuwa alikuwa kigego, mtoto aliyeota kwanza meno ya juu. Akafika Usambara akiwa mkimbizi. Aliwapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha mashamba yao. Akaua simba, wakamfanya mtawala. Akaoa katika koo zao.

Nguvu ya masimulizi haya ni kwamba hayahubiri. Mwindaji hana shamba, mkulima hana nyama. Kila mmoja amebeba kile mwenzake anachokikosa, na amani yaanzia chunguni. Hapo kwaya zetu zina la kujifunza.

Lakini atakayeigeuza hadithi hii kuwa igizo atatamani kuishia kwa simba. Kitabu chenyewe hakiishii hapo. Baada ya kifo cha Kimweri, mwaka 1862, mwanawe Semboja wa Mazinde, katika Korogwe ya leo, alipigana na jamaa zake. Watu wakauzwa utumwani, na Wabondei wakawaasi Wakilindi. Mgeni aliyepokelewa alizaa watawala waliowaumiza wenyeji. Abdallah aliyemtumikia Semboja, aliyaandika hayo pia, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kasoro yake ni kwamba wanyonge twawaona zaidi kwa macho ya wakubwa.

Luther alifundisha Heidelberg, mwaka 1518, kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu kwa jina lake. Yakobo naye, katika Mwanzo 32 na 33, hakumkumbatia Esau kabla ya kuogopa, kushindana usiku kucha na kutoka akichechemea. Igizo linalorukia kumbatio laacha jeraha bila jina, na jeraha lisilotajwa haliponi.

Basi twapendekeza kwamba katika maigizo ya sharika zetu kijana wa mfugaji aigize mkulima aliyeliwa shamba, na kijana wa mkulima aigize mfugaji aliyekatiwa ng'ombe. Hasara zitajwe kabla ya mikono kupeanwa. Wala tusidhani kwamba wimbo utapima mipaka au kuchimba lambo. Hiyo ni kazi ya baraza na serikali. Sanaa kazi yake ni kumfanya mtu asikie, kwa kinywa chake mwenyewe, kilio cha jirani yake.