Hesabu ya Nchi Kati ya Vurra na Oraba

Huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, barabara ya lami inayoanzia Vurra, ikapita Arua na Koboko mpaka Oraba, ina urefu wa kilomita zipatazo 90. Kichwa chake kimoja kinagusa Congo, cha pili kinagusa Sudan Kusini. Aliyelala Arua, foleni za mpakani zikimhurumia, anaweza kunywa chai ya asubuhi mjini Aru, Congo, akarudi, akala mchana Koboko, na jioni ikamkuta Kaya, Sudan Kusini. Ndiyo maana mchezo wa kushindana kwa idadi ya nchi ulizofika, ambao kwingine unadai tiketi za ndege, hapa unawafaa hata madereva wa teksi na wachuuzi wa vitenge. Kinacholeta mabishano ni kimoja tu: kipi kihesabiwe?

Duniani kwenyewe hakuna jibu moja. Jessica Nabongo, mzaliwa wa Detroit mwenye wazazi kutoka Uganda, alikamilisha safari yake ya dunia nzima huko Shelisheli mwezi Oktoba 2019 akiwa na nchi 195: wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa, pamoja na Vatikani na Palestina. Klabu ya Travelers' Century Club, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1954, inatumia orodha yenye maeneo zaidi ya 300, na humo Zanzibar inasimama peke yake, mbali na Tanzania Bara. Kwa hiyo mtu aliyetoka Arua akafika Dar es Salaam, kisha akapanda boti kwenda Unguja, ana alama moja kwa orodha ya kwanza na mbili kwa ya pili. Orodha zote mbili zimehesabu sawasawa, ila kila moja ina kanuni yake.

Watu wengi hukimbilia mhuri wa pasipoti. Una tarehe, una jina la kituo, haubishaniwi. Lakini kwa West Nile naukataa kabisa kama kipimo. Mama anayepeleka bidhaa soko la Ariwara, upande wa Congo, na kurudi nazo nyingine, miaka nenda miaka rudi, aghalabu hana pasipoti, wala haihitaji kwa maisha yake. Mgeni aliyevuka geti kwa dakika chache ili apige picha anaondoka na mhuri. Hesabu inayompa huyu alama na kumnyima yule haipimi safari, inapima karatasi.

Basi tutazame barabara yenyewe. Uganda magari hupita kushoto. Congo na Sudan Kusini hupita kulia. Simama Oraba uangalie malori: ng'ambo ya pili dereva anahamia upande mwingine, na usukani uliokuwa katikati ya barabara sasa uko pembeni, kwenye majani. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake inabidi utingo achungulie dirishani na kumwambia kama njia ni nyeupe. Hakuna aliyefanya hivyo akasahau kwamba ametoka Uganda. Saa nayo inasema: Congo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na tangu Februari 2021 Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma vivyo hivyo. Lakini angalia udhaifu wa vipimo hivi viwili. Vinakuambia kwamba umetoka Uganda. Havikuambii umeingia wapi kati ya majirani wawili.

Pesa ndiyo haifai kabisa, maana shilingi ya Uganda inapokelewa Ariwara bila mtu kukunja uso. Lugha inasaidia kidogo: ukisikia Kilingala kimetawala unajua uko Congo, na Kiarabu cha Juba kinakupeleka upande wa pili. Ila ukikutana na Wakakwa umerudi mwanzo. Wako Koboko ya Uganda, wako Ingbokolo ya Congo, wako Yei ya Sudan Kusini, na salamu ni ileile. Kule Salia Musala, nchi tatu zinapokutana, mtu anaweza kudai kwamba amezizunguka zote tatu kwa hatua chache. Mimi simpi alama hata moja ya ziada mpaka apite njia ya halali, afike mji, na awe na shughuli iliyompeleka.

Mbinu ninayoiona imara kuliko zote ni rahisi: kwenye daftari usiandike nchi, andika mji na tarehe. Mstari mmoja kwa kila safari: umefika wapi, lini, umevukia wapi, umefuata nini. Jina la nchi liachie siku ya kuhesabu. Faida yake inaonekana ukikumbuka Julai 9, 2011, siku Sudan Kusini ilipojitenga na Sudan. Aliyekwenda Yei mwaka 2008 alikwenda Sudan. Kama daftari lake lilisema “Sudan” tu, leo hajui aiweke wapi. Kama liliandika “Yei, 2008”, anaweza kuhesabu kwa ramani ya siku ile au kwa ramani ya leo, bora kanuni iwe moja kwa wachezaji wote na ikubaliwe kabla ya mtu kufungua daftari. Zaire kugeuka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 1997 ni kisa kingine: jina lilibadilika, nchi ni ileile, na asiwepo wa kuihesabu mara mbili.

Sharti la kusafiri nalo lisilegezwe. Eneo hili lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, sehemu ya himaya iliyoitwa Lado, likaingia Sudan mwaka 1910 baada ya kifo chake, na mwaka 1914 likawa Uganda. Mzee aliyelima shamba moja muda wote huo alipitiwa na tawala tatu. Historia imwandike, lakini kwenye mchezo wetu hakutoka nyumbani.

Pagumu ni kwa waliotoka bila kupenda. Baada ya Rais Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na wengine walikaa huko miaka. Kwa kipimo changu wanastahili alama kuliko sisi sote: walivuka, waliishi, walizaa, walijifunza lugha. Lakini vijana wanapokusanya hesabu za familia wasimjazie bibi mistari yake kwa furaha ya mchezo. Wamuulize kwanza. Akikubali, iandikwe kama mistari mingine, mji na mwaka, na kwenye safu ya alichofuata waandike maneno atakayoyasema yeye. Akikataa, daftari lifungwe, na hesabu yake isitajwe mbele ya watu.