Zawadi ya Noeli Iliyochekwa

Mume akimpa mkewe zawadi ya Noeli, nani atamlaumu? Kumbe mwezi wa Desemba 2019 watu wengi wa Marekani walikasirika, wengine wakacheka sana, kwa sababu ya mume mmoja aliyempa mkewe baiskeli katika tangazo la biashara.

Baiskeli hiyo si kinga tunayoijua sisi, ile ya kubebea makaa na mihogo. Hii hukaa nyumbani mahali pamoja. Mtu anakanyaga, anatoka jasho, wala hafiki popote. Mbele yake kuna kioo kama cha televisheni, na mwalimu wa mazoezi anaonekana humo. Kampuni iitwayo Peloton ndiyo iliyoiuza, na bei yake wakati ule ilipita dola 2,000, bila kuhesabu malipo ya kila mwezi.

Tangazo lenyewe ni filimu ya nusu dakika. Mama kijana anashuka ngazi amefunika macho. Anayafunua, anaiona zawadi. Tangu hapo anajipiga picha mwenyewe: leo anasema ana hofu kidogo, siku nyingine anaamka saa kumi na mbili asubuhi, tena siku nyingine mwalimu anamtaja kwa jina naye anafurahi mno. Mwaka ukiisha anaketi pamoja na mumewe, wanatazama picha zile zote, naye anamshukuru kwa jinsi zawadi ilivyombadilisha.

Imembadilisha nini? Hilo ndilo watu walilouliza. Mwanzoni ni mwembamba, na mwishoni ni mwembamba vilevile. Basi wengine wakasema, mume huyu amemwambia mkewe kwa fumbo apunguze mwili. Wengine wakaona mama anatoa hesabu kama mtumishi mbele ya bwana wake. Tarehe 3 Desemba hisa za kampuni zilishuka karibu asilimia 9. Kampuni ikajibu kwamba imesikitika kwa kuwa wengine wamelielewa vibaya tangazo lake.

Jibu hilo halinitoshi. Katekista akifundisha, na darasa zima likaelewa kinyume, hawezi kuwasukumia watoto kosa lote. Katika filimu ile hatuoni hata mara moja kwamba mama aliitamani baiskeli. Kama angeonyeshwa tu amesimama mbele ya duka, akiitazama, mume akiwa nyuma yake na kunyamaza, tungeona mume anayemsikiliza mkewe. Pengo hilo watazamaji walilijaza wenyewe, tena kwa mambo waliyokwisha kuyaona katika nyumba za watu.

Lakini wacheshi nao walivuka mpaka. Kumpa mtu kitu cha kutunza afya yake si tusi, na wako akina mama wengi wanaopenda mazoezi kwa furaha yao wenyewe. Kibaya zaidi, hasira iliwaangukia wachezaji. Yule aliyecheza mume anaonekana kwa sekunde chache tu, lakini akatukanwa kana kwamba mke yule ni wake kweli.

Aliyejibu vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ryan Reynolds, mchezaji wa filimu aliyekuwa na sehemu katika biashara ya pombe ya Aviation Gin. Siku chache tu baadaye alimchukua mchezaji yuleyule, Monica Ruiz, akamweka katika baa pamoja na rafiki wawili. Anatazama mbele, kimya, macho makavu. Kisha anainua glasi na kuimaliza mara moja. Baiskeli haikutajwa, na wote walielewa. (Ni tangazo la pombe, najua, simsifu kwa hilo.)

Ruiz mwenyewe alisema katika televisheni kwamba labda kosa lilikuwa la uso wake, kwa kuwa nyusi zake zilionyesha wasiwasi. Nimeitazama filimu tena kwa ajili ya nyusi hizo. Kweli, zimeinuka. Lakini aliyeichagua picha ile na kuituma kwa watu hakuwa yeye.