Agostinho Neto, munganga na mushairi: tumaini gani?

Jirani yetu wa Angola, Agostinho Neto, ametuachia kitabu cha mashairi ambacho jina lake lingefaa somo la teolojia: Sagrada Esperança, ndiyo kusema Tumaini Takatifu.

Alizaliwa mwaka wa 1922, mutoto wa muchungaji wa Wametodiste. Alisoma uganga Coimbra na Lisboa, katika inchi ya Ureno. Kwa sababu ya siasa alifungwa mara kwa mara, hata hivi akapata diploma mwaka wa 1958. Mwaka wa 1959 alirudi Luanda kutunza wagonjwa. Mwaka wa 1960 akafungwa tena. Mwaka wa 1975 akawa Prezidenti wa kwanza wa Angola. Alikufa Moscow mwaka wa 1979.

Katika mashairi yake munganga anaonekana wazi. Kabla ya kulia, anatazama: mwanamuke anayeuza machungwa; vibarua wa kontra wanaofuatana barabarani kwa mustari murefu, na mizigo yao, wakiimba. Anaonyesha pahali panapouma, tena anasikia moyo unaopiga bado ndani ya wimbo ule. Hapo ndipo uzuri wa kazi yake.

Lakini tumaini lile ni gani? Katika shairi la kumuaga mama, kijana anakataa kungoja tena; yeye mwenyewe ndiye anayengojewa. Kwa Kireno neno moja, esperar, ni kungoja na ni kutumaini pia. Basi sisi tunaohubiri uvumilivu tujiulize: tumefundisha watu kutumaini, ao kungoja tu?

Kwa upande mwingine, mutu akijifanya tumaini la watu, nani atamuhukumu? Baada ya fujo ya tarehe 27 Mei 1977, serikali aliyoiongoza iliua watu kwa maelfu, wengi pasipo hukumu. Mwaka wa 2021 serikali ya Angola iliomba musamaha mbele ya watu wote.

Tusitupe kitabu kwa sababu hiyo. Mushairi aliyehesabu vidonda vya vibarua anamushitaki Prezidenti kuliko sisi tunavyoweza. Tukisome, na tuwafundishe wakristu kwamba tumaini takatifu halitoki kwa mutu, lakini halimuruhusu mutu kukaa mikono mitupu.