Tindo za Mamallapuram

Kusini mwa Chennai, kwenye pwani ya Tamil Nadu, kuna mahekalu ambayo hayakujengwa. Katika karne ya 7, enzi ya wafalme wa Pallava, mafundi wa Mamallapuram waliikuta miamba ya graniti imejitokeza mchangani, wakaipunguza kwa nyundo na tindo mpaka pakawa na paa, nguzo na miungu iliyosimama mlangoni. Ndizo zile ratha tano, kama mahekalu hayo yanavyoitwa, ambazo wageni huzizunguka na kupiga picha. Iliyo ndogo kuliko zote, ya Draupadi, ina umbo la kibanda cha nyasi, na mteremko wa paa umefuatwa kwa uaminifu hata jiwe likaonekana jepesi.

Mimi huvutiwa zaidi na sehemu zilizoachwa bila kukamilika. Ratha ya Dharmaraja imejaa sanamu nzuri ghorofa za juu, ilhali chini sehemu kubwa ya mwamba bado ni tupu na yenye makovu. Hapo ndipo siri ya kazi inapofichuka: walianzia juu wakishuka. Fundi alisimama juu ya mwamba uleule aliokuwa akiuchonga, na vipande vilivyoanguka havikuigusa kazi iliyokwisha. Kwenye mapango ambayo hayakumalizika utaona mifereji iliyokatwa kwa miraba usoni mwa jiwe. Kilichobaki kati ya mfereji na mfereji kilivunjwa, kisha wakaanza upya, ndani zaidi. Seremala akiharibu ubao huchukua mwingine. Hapa pua ya mungu ikishavunjika, imevunjika. Ilibidi hekalu zima, tangu kilele hadi msingi, liwe limekwisha kichwani kabla ya pigo la kwanza.

Halafu kuna ukuta mkubwa wa michongo, wenye urefu wa karibu mita 30. Wataalamu wanabishana hadi leo kama ni kushuka kwa mto Ganga au toba ya shujaa Arjuna. Wabishane. Mimi namtazama swala anayejikuna pua kwa kwato ya nyuma, na ndama wa tembo waliojibanza miguuni pa wakubwa wao. Yupo pia paka aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu, akijifanya mcha Mungu mbele ya panya. Fundi aliyempa panya uangalifu uleule aliompa mungu ni fundi ninayemheshimu kwa moyo wote.

Hekalu la ufukweni ni la baadaye, mwanzoni mwa karne ya 8, wakati wa mfalme Rajasimha, nalo lilijengwa kwa mawe yaliyokatwa na kupangwa. Upepo wa chumvi umezilainisha sura zake nyingi. Tangu 1984 makaburi haya ya sanaa, kama ninavyopenda kuyaita, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Lakini neno kaburi halifai, maana kazi haijafa. Mjini kuna chuo cha serikali cha usanifu na uchongaji kilichoanzishwa 1957, na kandokando ya barabara karakana zimejaa vumbi jeupe. Msumeno wa umeme siku hizi hukata umbo la awali. Vidole, vito na mikunjo ya nguo bado hungoja tindo. Atakayekwenda Mamallapuram naomba apite karakana kwanza, amwangalie mtu akipambana na sikio moja la sanamu ya mungu Ganesha asubuhi nzima, ndipo aende kwenye ratha.