Msinisifie Taa za Neoni

Tangu filamu ya MaXXXine itoke Julai 2024, kila ninayemsikia akiisifu anasifu vitu vilevile: nywele za 1985, magari, neoni za Hollywood, kanda za video zilizopangwa rafuni, nyimbo za enzi hizo. Sawa. Fundi wa mavazi alipwe, tena alipwe vizuri. Lakini hii ni filamu ya visu, na anayeipima kwa mitindo ya nywele amekwenda msibani kuhesabu viti.

Nianze na madogo. Muuaji wa kweli hakimbii. Damu iwe nzito, ielekee weusi. Nyekundu ya tomato waachiwe wanafunzi. (Hitchcock alitumia sharubati ya chokoleti kwenye lile bafu la Psycho, 1960, ila picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, nani angejua?) Filamu isizidi dakika 90. Halloween ya John Carpenter ina 91, hiyo moja nimeisamehe. Msiniulize sheria hizi zimetoka wapi.

Kubwa, ambalo mgeni wa filamu hizi hulikosa kila mara, ni hili: ukiiweka hadithi katika mwaka fulani, mwaka huo ushiriki kwenye mauaji. Umfungie mtu mlango. Kama unaweza kuileta hadithi leo, ukamgawia kila mhusika simu ya mkononi, na bado wakafa walewale kwa njia ileile, basi zamani yako ilikuwa pambo.

Tazameni Black Christmas ya Bob Clark, ya 1974. Muuaji anapiga simu kwenye nyumba ya wasichana wa chuo, na polisi wanataka kujua anapiga kutoka wapi. Kule kwenye jengo la simu kuna fundi mmoja, anakimbia katikati ya safu za mitambo akiifuata laini kwa macho, kabati hadi kabati. Huku Jess, mmoja wa wasichana wale, ameshika mkono wa simu. Hana ruhusa ya kukata, inabidi ayasikilize matusi yale yote ili fundi apate muda. Laini ikikatika mapema, kazi imeharibika na itasubiri simu nyingine. Hakuna kisu kwenye fremu, hakuna tone la damu, na bado viganja vinatoka jasho. Mtu asiyejua atakwambia sehemu hiyo inachosha. Mwambie airudie, ahesabu mara ambazo kamera inamtoka Jess na kumrudia fundi. Clark hakuwa anaigiza zamani, alikuwa anapiga picha wakati wake. Lakini anayetaka kuirudisha zamani leo darasa lake liko pale.

Mwaka huohuo Tobe Hooper akaleta The Texas Chain Saw Massacre. Kituo cha mafuta kimekaukiwa. Vijana wawili wanasikia jenereta ikiunguruma kwenye nyumba ya jirani, wanakwenda kuomba petroli. Ni petroli iliyowapeleka kwenye nyundo.

Sisemi pambo ni dhambi. Carpenter aliipiga Halloween California majira ya kuchipua, hadithi ikiwa ya Oktoba huko Illinois. Majani yakapakwa rangi, yakamwagwa barabarani, yakaokotwa na kumwagwa tena kwenye picha iliyofuata. Hela hakuwa nayo, jicho alikuwa nalo. Na sisi tuliozitazama filamu hizi kibanda umiza, kanda imechakaa na nusu ya picha ni mistari, tuliogopa vizuri kuliko watoto wa leo na skrini zao za inchi 65.

Kinachoniudhi ni kwamba Ti West, mwongozaji wa MaXXXine, anajua. Filamu yake X, ya 2022, iko Texas ya 1979, shamba lisilo na jirani. Usiku, kikongwe Pearl, mwenye shamba, anamchoma RJ, mmoja wa wageni, kisu shingoni mbele ya gari lao. Damu inarukia taa za gari na mwanga wote wa pale unageuka mwekundu. Filamu ya Pearl, iliyotoka mwaka uleule, ni ya ujana wake, 1918: mume yuko vitani Ulaya, mafua makuu yanaua, watu wamefunika nyuso, mama hataki ugonjwa uingie nyumbani. Kila jambo la mwaka ule linamfungia yule binti shambani mpaka akili inamharibikia.

Kisha MaXXXine: Los Angeles, 1985, mwaka wa muuaji aliyeitwa Night Stalker. Huyo alikuwa mtu wa kweli, Richard Ramirez, aliyekamatwa Agosti 31 mwaka huo, na aliingia majumbani kupitia madirisha na milango isiyofungwa. Mwongozaji amepewa mji mzima unaolala katika joto na kuogopa kufungua dirisha! West akauweka woga huo kwenye redio na televisheni. Habari inasomwa, Maxine, mhusika mkuu, anapita na bastola yake, basi. Halafu zile glavu nyeusi za ngozi, za filamu za Waitalia: mwongozaji Dario Argento alikuwa akizivaa mwenyewe, mikono ya muuaji mnayoiona kwenye filamu zake nyingi ni yake. Hapa zimeazimwa glavu, mikono imebaki Italia. Maxine anamkimbia mwigizaji Kevin Bacon hadi nyumba ya Psycho iliyoko studio, na watu wanafurahi kwa kuitambua. Aliyeitambua hajaogopa.

Bacon mwenyewe alitobolewa koo kutoka chini ya kitanda kwenye Friday the 13th ya 1980, kazi ya mikono ya Tom Savini, fundi wa majeraha bandia. Filamu ile ni ya kilaghai: mwongozaji wake, Sean Cunningham, aliitangaza kwenye gazeti la Variety kabla hata hadithi haijaandikwa, na muuaji wa filamu anajitokeza karibu na mwisho, mtu ambaye hatukuwahi kumwona. Lakini angalau alitushtua. MaXXXine, inayofunga trilojia ya X na Pearl, inamvua barakoa muuaji, mhubiri ambaye mwisho wa X ulishatuambia kuwa ni baba wa Maxine. Aliyekuwa macho alikaa na jibu miaka miwili.

Anayetaka kuanza aanze na X, kisha Pearl, taa zimezimwa na simu iko chumba kingine. MaXXXine aitazame kwa ajili ya mwigizaji Mia Goth, ambaye hajakosea hata mara moja katika zote tatu, na akiisifu asinitajie nywele.