Taa Isiyogoma

Saa tisa alasiri ukumbi wa harusi bado ni mtupu. Viti vimekwisha kuvalishwa vitambaa, mpambaji anagombana na wasaidizi wake juu ya maua, DJ anajaribu spika. Kwenye kona, jirani na soketi ya umeme, mpiga picha amekalia sanduku lake la vifaa. Ni mtu mzima, ndevu zimeshaingia mvi, na mkononi ana kifutio cha penseli cha mtoto wa shule. Amepindua triga yake, kile kisanduku kidogo kinachokaa juu ya kamera na kuiamrisha flashi ya mbali iwake bila waya, naye anasugua nukta za chuma zilizo chini yake, moja baada ya nyingine, mpaka zing'ae. Akimaliza anapuliza vumbi la kifutio na kushika triga nyingine.

Nilimuuliza kama zimeharibika.

"Hazijaharibika, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana nazisafisha."

Dar es Salaam ni mji wa chumvi. Hewa ya bahari huacha juu ya chuma utando usioonekana kwa macho, na utando huo unatosha kuvuruga umeme mdogo unaopita kati ya kamera na triga. Flashi itawaka mara tisa, ya kumi igome. Ugonjwa wa namna hiyo ni mbaya kuliko kufa kabisa. Kifaa kilichokufa unakiweka pembeni na kushika kingine. Kinachogoma kwa zamu kinakuchezea usiku kucha, na hujui lini kitakutupa.

Kwa hiyo mzee huyu ana taratibu zake. Betri zimeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito na zimekaa jozi jozi: zilizonunuliwa pamoja huchajiwa pamoja, wala haziachanishwi mpaka zife. Kazi ikiisha zinatolewa zote, maana betri zikisahauliwa ndani huweza kuvuja, na ule uvujaji ukishazila springi, triga imekwisha. Mlango wa betri kauzungushia utepe wa kitambaa kwa sababu anajua ndio unaovunjika kwanza. Chini kabisa ya sanduku umelala waya mrefu wa flashi, umekunjwa kwa utulivu kama kamba ya mvuvi. Anatumaini hautahitajika. Hata hivyo hajawahi kuuacha nyumbani.

Halafu hufanya jambo ambalo sijaona vijana wakilifanya. Humwita mhudumu mmoja, akamsimamisha katikati ya kamera na flashi, karibu kabisa na flashi, ndipo ajaribu. Ukumbi mtupu huongopa. Triga nyingi za leo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, na mawimbi hayo hunywewa na maji. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Saa tisa alasiri amri inavuka ukumbi bila kizuizi. Saa tatu usiku kuna mamia ya wageni njiani, kila mmoja na simu yake mfukoni. Ndiyo maana stendi zake huinuliwa juu ya vichwa vya watu na triga ya kupokea hutazamishwa kamera, isijifiche nyuma ya flashi. Hakusoma fizikia mahali popote. Aliifahamu kwa kugomewa.

Lakini kilichonishika zaidi ni jicho lake la kushoto.

Mwenye kamera ya kioo anajua kwamba picha inapopigwa, kioo kilichomo ndani hunyanyuka na tundu la kuchungulia huwa giza. Flashi huwaka ndani ya giza hilo hilo. Maana yake ni kwamba, akifumba jicho moja kama wengi tunavyofanya, mpiga picha ndiye mtu pekee ukumbini asiyeiona taa yake ikiwaka. Wageni wote wameona, yeye hajui. Huyu mzee jicho la kulia huzamisha kwenye kamera, la kushoto huliacha wazi, na kwa hilo la kushoto huhesabu mimweko: ule wa kulia kwa bibi harusi umewaka, ule wa nyuma ya keki umewaka. Ukikosekana mmoja, kidole chake kinapiga tena kabla mtu mwingine yeyote hajang'amua kilichotokea. Hainamishi kichwa kutazama kioo cha nyuma ya kamera. Wakati anaotumia mwingine kuhakiki picha iliyopita, yeye anautumia kusubiri ijayo.

Na pale muziki unapotulia, sikio hushika zamu. Flashi ikishawaka hujijaza upya, na wakati wa kujijaza nyingi hutoa mlio mwembamba unaopanda polepole mpaka usisikike. Anayebonyeza kabla mlio haujaisha hupata mwanga pungufu, au hapati kabisa. Nilimtazama wakati wa kuvishana pete. Alipiga mara moja, akakaa kimya pumzi kadhaa, akapiga tena. Ningeapa alikuwa anasikiliza maneno ya ndoa. Alikuwa anaisikiliza taa.

Mashaka haya kati ya kamera na taa ni ya zamani. Katika enzi zilipofunguliwa studio kama Capital Art ya Ranchhod Oza pale Unguja mwaka 1930, au ya N. V. Parekh mjini Mombasa mwaka 1942, studio nyingi zilitumia taa zilizowaka mfululizo, mteja akatoka jasho, lakini mpiga picha aliuona mwanga kabla hajabonyeza. Flashi ilileta kazi ya kuamini usichokiona. Zilikuja balbu, zilizoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1929, moja kwa picha moja kisha zinatupwa. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, akaonyesha jinsi mrija wa gesi unavyoweza kumweka tena na tena. Ukaja waya wa kuunganisha kamera na flashi, na plagi yake iliyokuwa ikichomoka kwa kukohoa tu. Mafundi waliibana kwa koleo ili ishike. Zikaja flashi zenye jicho, zinazowaka zikiona flashi nyingine, nazo hazikuwa na adabu: shangazi wa bwana harusi akipiga kwa kakamera kake, taa zako zote zinaitika.

Ndipo triga za redio zilipoheshimiwa. Kwa miaka mingi wapiga picha wa michezo wa Marekani walifunga triga za PocketWizard, kampuni ya Vermont, kwenye dari za viwanja, mahali ambapo huwezi kupanda kurekebisha mechi ikishaanza. Hata kampuni hiyo ilionja kugomewa. Mwaka 2009 ilipotoa triga zake ndogo za kisasa, zile zilizouzwa Marekani zilisumbuliwa na kelele za redio zilizotoka ndani ya baadhi ya flashi za Canon zenyewe. Umbali ukapungua vibaya, na dawa mojawapo iliyotolewa ni kuivisha flashi soksi ya kitambaa cha kuzuia mawimbi. Nilipomsimulia mzee alicheka sana. Flashi kuvaa soksi!

Sitawapunja vijana haki yao. Triga ya Kichina ya leo, Godox kwa mfano, ina chaneli 32, inaagiza nguvu ya kila taa kutoka kwenye kamera, na bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya Vermont. Inawaka. Inawaka vizuri mno kiasi kwamba hakuna anayeiandaa. Ubongo wake ni bora kuliko wa zile za zamani, mwili wake ndio wa kusikitisha: mguu wa plastiki unaokatika stendi ikianguka mara moja, na kwa baadhi, betri ya lithiamu inayoweza kuvimba ikiachwa kwenye gari juani. Wapo mafundi wa Kariakoo wanaoweza kuifungua na kuilehemu, lakini wateja hawaleti. Wananunua nyingine.

Taa ikigoma, siku hizi jibu ni moja: "Nitaing'arisha kwenye kompyuta." Atang'arisha, kweli, lakini programu huongeza weupe tu, haihamishi taa. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga wa ubavuni, unaoteleza juu ya shavu na kuacha kivuli kidogo chini ya taya. Mwanga huo huo ndio unaoinua darizi za gauni, uzi kwa uzi. Ukikosekana saa ile, umekosekana. Inabaki paji la uso linalong'aa na kivuli kibaya ukutani. Harusi ngapi zimehifadhiwa namna hiyo miaka hii, na wenyewe wanadhani walikuwa hivyo!

Mzee hana mwanafunzi. Waliokuja walitaka kujifunza kamera, na mafunzo yake huanzia kwenye betri.

Basi enyi wazazi na wanakamati, mnapopatana bei na mpiga picha, msimuulize kamera yake ina megapikseli ngapi. Mwombeni asimamishe mtu mbele ya flashi yake, aende mwisho wa ukumbi, apige mara ishirini mfululizo mkiwa mnatazama. Ikigoma hata mara moja bila yeye kushtuka, tafuteni mwingine.