Ukimya Nao Una Bei

Mpwa wangu wa Masasi aliniletea orodha ya vipuri vya kompyuta ya kuchezea gemu, fedha za korosho zikiwa tayari mkononi. "Mjomba, hii ina kasi ajabu," alisema.

Niliisoma, nikaikosoa. Kadi ya picha kubwa, kasha dogo lililozibwa kioo mbele, feni ndogo zenye taa. Gemu ikipamba moto, kadi hiyo ndiyo tanuri. Feni ya milimita 80 italazimika kwenda mbio na kuvuma. Ya milimita 140 huvuta hewa ileile kwa mwendo wa taratibu. Tena kompyuta hupozwa na hewa ya chumbani: iliyo kimya kwetu Newala, juu penye ubaridi, huenda ikanguruma kule chini Masasi kwenye joto.

Nilimshauri ashuke daraja moja la kadi, kisha salio linunue kasha lenye matundu, kichujio cha vumbi na feni pana. Alinuna. Lakini ukutani mwa chumba chake hulala mama yangu, bibi yake, mgonjwa. Kasi iliyopungua hataiona. Usingizi wa mama ukipotea, nitaulizwa mimi.